Huduma ya Dukani Hununuliwa kwa Saa za Kazi, Si kwa Bei

Tangu mfumuko wa bei wa mwaka 2021 hadi 2023 uzikumbe nchi nyingi kwa wakati mmoja, wanunuzi wamekuwa na lalamiko moja: bei zimepanda na huduma imeshuka. Foleni zimerefuka, mhudumu wa kuulizwa haonekani, na palipokuwa na keshia pamewekwa mashine ya kujilipia. Kutokana na hayo yamezuka maelezo mawili yanayopingana. Wanunuzi wengi wanasema bei na huduma vimeachana kabisa, unalipa zaidi na huoni tofauti. Wenye maduka nao hujibu kwa msemo wa zamani kwamba rahisi ni ghali: mteja amezoea kukimbilia punguzo, basi avumilie foleni, na anayetaka kuhudumiwa vizuri akubali kulipa. Maelezo yote mawili yanakosea mahali pamoja. Yanaichukulia bei kana kwamba ndiyo inayomlipa mhudumu. Kinachomlipa mhudumu ni kile kinachobaki baada ya duka kulipia bidhaa yenyewe, na ubora wa huduma unategemea hicho kilichobaki kinanunua saa ngapi za kazi, na kila mteja anakuja na kazi kiasi gani. Bei inaweza kupanda huku saa hizo zikipungua. Inaweza pia kushuka na huduma ikawa bora kuliko ya jirani anayeuza ghali.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua bidhaa inayouzwa 100, ambayo duka limeinunua kwa 70. Faida ghafi ni 30. Tuseme 10 kati ya hizo zinalipa mishahara, 15 zinalipa pango, umeme na usafirishaji, na 5 zinabaki kwa mwenye duka. Sasa gharama zote zipande kwa asilimia 20. Bei ya kununulia inakuwa 84. Mwenye duka, akiogopa kuwapoteza wateja, anaongeza tu kile alichoongezewa na msambazaji, anauza 114. Mteja anaona bei imepanda kwa asilimia 14, na ana haki ya kukasirika. Lakini faida ghafi bado ni 30 ileile. Pango na umeme sasa vinakula 18. Saa zilezile za wahudumu, ambazo jana zilikuwa 10, leo ni 12. Ukijumlisha unapata 30 kamili na mwenye duka habaki na kitu. Akitaka abaki na 3 tu, ambazo hata thamani ya zamani hazina, inabidi mishahara ishuke hadi 9. Tisa katika kumi na mbili ni robo tatu. Bei imepanda, na robo ya saa za kazi imeondoka. Hivyo ndivyo mteja anavyolipa zaidi na kuhudumiwa kidogo bila mtu yeyote katikati kuvuna. Sisemi hakuna maduka yaliyotumia msukosuko ule kujinufaisha. Nasema lebo ya bei peke yake haiwezi kukuonyesha ni yapi.

Watu wengi hudhani kupunguza robo ya saa kutashusha huduma kwa robo. Kosa hilo ni la gharama kubwa, na jibu lake limejulikana kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi iliyoanzisha hisabati ya foleni. Kwa kaunta moja ambayo wateja huijia bila mpangilio, na ambayo muda wa kumhudumia mmoja hutofautiana sana na wa mwingine, muda wa wastani wa kusubiri hupatikana hivi: chukua sehemu ya muda ambayo keshia anakuwa na kazi, igawe kwa sehemu ambayo yuko huru, kisha zidisha kwa muda wa kumhudumia mteja mmoja. Duka lenye keshia wanne, kila mmoja na foleni yake, kila mteja akichukua dakika 2, na kila keshia akiwa na kazi kwa asilimia 60 ya muda, lina subira ya dakika 3. Mwondoe keshia mmoja. Watatu waliobaki sasa wana kazi kwa asilimia 80 ya muda, na subira inakuwa dakika 8. Robo ya wafanyakazi imeondoka, foleni imekaribia kurefuka mara tatu. Katika maisha halisi watu huhama kutoka foleni hadi foleni, na foleni moja inayogawa wateja kwa makeshia wote hupunguza subira, kwa hiyo takwimu hizi ni za juu kuliko za duka halisi, pengine kwa kiasi kikubwa. Mkunjo wenyewe lakini haubadiliki: kadiri keshia anavyokaribia kutokuwa na nafasi ya kupumua, ndivyo kila mteja wa nyongeza anavyoongeza subira kuliko aliyemtangulia. Keshia anayeonekana amekaa bila kazi ndiye anayeifanya foleni isiwepo. Mhasibu anayemhesabu kuwa ni hasara anasoma kitabu kwa kukigeuza juu chini.

Hapo ndipo hoja ya wenye maduka inapopata nguvu yake halisi, na inastahili kusikilizwa. Duka letu la mfano likishusha bei kutoka 100 hadi 90, faida ghafi ya kila bidhaa inaporomoka kutoka 30 hadi 20. Ili libaki na jumla ileile ya faida ghafi, lazima liuze mara moja na nusu. Punguzo la asilimia 10 linadai ongezeko la mauzo la asilimia 50. Tuseme linalipata, kwa wateja wapya wa asilimia 50. Pesa ya mishahara haijaongezeka hata senti, makeshia ni walewale wanne, na sasa wana kazi kwa asilimia 90 ya muda. Subira inatoka dakika 3 hadi dakika 18. Bei ya chini imeua huduma, tena katika duka ambalo mkakati wake wa kibiashara umefaulu. Anayesema bei nafuu haidhuru huduma hajawahi kuifanya hesabu hii mpaka mwisho.

Lakini hesabu haiishii hapo. Ina kigezo cha tatu ambacho mjadala mzima unakisahau, yaani zile dakika 2. Duka hilohilo likiweza kumhudumia mteja kwa sekunde 80 badala ya 120, makeshia wanne wanarudi kwenye asilimia 60, na subira inakuwa dakika 2, pungufu ya ile ya duka la bei kubwa. Bei nafuu na huduma nzuri vinakutana kwenye sekunde 40. Swali la mwenye duka linakuwa la kiufundi kabisa: sekunde hizo zitatoka wapi bila mteja kuona amenyang'anywa kitu?

Maduka yanayouza kwa bei ya chini kwa faida na bila kelele yamelijibu swali hilo moja baada ya jingine. Aldi, kampuni ya Ujerumani, huchapa msimbopau (ile mistari inayosomwa na mashine ya kaunta) mrefu na katika pande kadhaa za vifungashio vya bidhaa zake yenyewe, ili keshia asihangaike kugeuza pakiti. Makeshia wake hukaa. Bidhaa hupangwa kwenye rafu zikiwa ndani ya katoni zake, hivyo kujaza rafu ni kuweka katoni moja badala ya pakiti moja moja. Troli hutolewa kwa sarafu ya amana, na mteja huirudisha mwenyewe. Costco ya Marekani hubeba aina zipatazo 4,000 za bidhaa, ilhali duka kubwa la kawaida nchini humo lina makumi ya maelfu. Aina chache zina maana kwamba mhudumu anazijua zote, na stoo haina vichochoro vya kupotelea. Costco hujiwekea ukomo wa nyongeza juu ya gharama, takriban asilimia 14 kwa bidhaa za majina ya wengine na 15 kwa zake, na bado inajulikana kwa kulipa wafanyakazi vizuri kuliko washindani wake. Inaweza kwa sababu sehemu kubwa ya faida yake hutoka kwenye ada za uanachama, na kwa sababu kila saa ya kazi inauza bidhaa nyingi. Mercadona ya Hispania nayo huuza kwa bei za chini huku ikiwaajiri watu wake kwa mikataba ya kudumu. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayempa mteja huduma ya kubembelezwa. Wanachompa ni duka lenye bidhaa mahali pake, foleni fupi na bei iliyo sahihi kwenye kaunta, na kwa manunuzi ya kila wiki hiyo ndiyo huduma anayoitaka.

Kuna kishawishi cha kudhani mashine ya kujilipia hufanya kazi hiyohiyo ya kuokoa sekunde. Mara nyingi haifanyi. Katoni ya Aldi imeiondoa kazi. Mashine imeihamisha tu kutoka kwa keshia aliyeizoea kwenda kwa mteja ambaye hajaizoea. Na haimwachi mhudumu huru. Mashine sita zinazosimamiwa na mtu mmoja, kila moja ikimwita dakika 1 katika kila dakika 10, humpa kazi ya asilimia 60. Ugumu ukipanda hadi dakika moja na nusu, kwa sababu mizani imekataa uzito, au bidhaa haina msimbopau, au umri wa mnunuzi unahitaji kuthibitishwa, anafika asilimia 90 na foleni inajaa tena, safari hii ya watu waliokwama mbele ya taa nyekundu. Booths, maduka ya kaskazini mwa Uingereza, yalitangaza Novemba 2023 kwamba yanaziondoa mashine hizo karibu katika matawi yote, na kati ya sababu walizotoa ni bidhaa zisizofungashwa, ambazo mteja lazima azitafute kwenye skrini, na ukaguzi wa umri. Wengi walilisoma tangazo lile kama kurudi kwa utu. Mimi nalisoma kama hesabu ya dakika iliyofanywa upya.

Kuna njia nyingine ambayo bei huingilia huduma, na huzungumzwa mara chache mno: kubadilikabadilika kwake. Duka linaloweka bidhaa 500 kwenye punguzo kila wiki, likitumia dakika 1 kubandika lebo na dakika 1 kuirudisha, linatumia dakika 1,000 kwa wiki, takriban saa 17 za kazi ambazo hazikumhudumia mtu yeyote. Lebo moja katika mia ikisahaulika, bidhaa tano zina bei moja kwenye rafu na nyingine kwenye kaunta. Mteja analalamika, keshia anasimamisha foleni, msimamizi anaitwa, mtu anatumwa kwenda kuangalia rafuni. Dakika 3 au 4 zimepotea kwa ajili ya tofauti ndogo ya bei, na watu sita waliosimama nyuma wamezipoteza pia. Juu ya hayo, punguzo huwakusanya wateja siku moja, na foleni huumizwa na kilele kuliko wastani. Bidhaa ya punguzo ikiisha mapema, mhudumu hutumia siku nzima kuwaambia watu haipo. Kwa maoni yangu, duka lenye bei za wastani zisizobadilika lina nafasi nzuri zaidi ya kuhudumia vizuri kuliko lenye bei kubwa zinazokatwa kila Ijumaa.

Sasa hoja bora kabisa ya wanaotetea bei ya juu. Haihusu kaunta, inahusu ushauri. Mtu anayenunua kamera, viatu vya kukimbilia au kifaa cha kusaidia kusikia anahitaji nusu saa ya mtu anayejua. Nusu saa hiyo ina gharama, lakini mteja anaweza kuipokea bure hapa na kwenda kununua kwingine ambako hawashauri na kwa hiyo wanauza rahisi. Mwaka 1960 mwanauchumi Lester Telser aliieleza hoja hii kwa uwazi: bila bei ya chini kabisa iliyowekwa na mtengenezaji, maduka yanayoshauri yatanyonywa na yasiyoshauri, mpaka ushauri utoweke sokoni. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali sehemu kubwa ya hoja hiyo mwaka 2007 katika kesi ya Leegin, ilipofuta kwa kura tano kwa nne msimamo wa tangu 1911 kwamba makubaliano ya mtengenezaji na duka juu ya bei ya chini kabisa ya kuuzia ni haramu moja kwa moja. Ufaransa ilikuwa imeshachukua njia inayofanana kwa vitabu kwa sheria ya 1981, inayolizuia duka kushusha bei ya kitabu kwa zaidi ya asilimia 5, na Ujerumani ina sheria yake ya bei ya vitabu tangu 2002. Intaneti imelifanya tatizo hili kuwa kali zaidi, kwa kuwa mteja sasa analinganisha bei akiwa bado amesimama mbele ya mshauri.

Hoja hii naikubali nusu. Ni kweli kwamba ushauri usiolipiwa hufa. Lakini bei iliyolindwa hulipa duka pesa, hailipi wajibu. Hakuna kifungu katika mpangilio wa namna hiyo kinacholilazimisha duka kuzigeuza zile pesa za ziada kuwa saa za mtu anayejua. Zinaweza kwenda kwenye pango la mtaa wa kifahari, kwenye taa, au kwa mwenye mali. Na bidhaa zinazohitaji ushauri ni chache kuliko zinazodai kuuhitaji. Njia safi zaidi ni kuuza ushauri kama ushauri: duka litoze ada ya kipimo au ya nusu saa ya maelezo, kisha liikate kwenye bei mteja akinunua hapo. Anayetaka kununua kwingine anakuwa amelipa alichokitumia, na bei ya bidhaa inabaki huru.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa zaidi, kwamba maduka ya bei kubwa hupewa alama nzuri na wateja, na hivyo bei huleta huduma. Alama za wateja hazipimi huduma. Hupima huduma ikilinganishwa na matarajio, na bei yenyewe ndiyo inayoyajenga matarajio. Mtu aliyelipa kidogo husamehe asichomsamehe aliyelipa sana, na aliyelipa sana mara nyingine hujiaminisha kwamba alihudumiwa vizuri ili pesa yake isionekane imepotea. Isitoshe, duka la bei kubwa kwa kawaida lina wateja wachache kwa saa. Wapeleke wateja wa duka la bei nafuu kwenye duka lile kwa siku moja tu, na tabasamu lile litaingia kwenye mkunjo wa Erlang kama la mtu mwingine yeyote. Anayetaka kulinganisha maduka mawili apime vitu visivyobadilishwa na hisia: dakika za kusubiri, bidhaa zilizokosekana rafuni, bei zilizotofautiana kaunta na rafu, na siku zilizochukua kurudishiwa pesa ya bidhaa mbovu.

Historia imetupa pia jaribio la kinyume: kuokoa mishahara ili kushindana kwa bei. Machi 2007 Circuit City, kampuni ya Marekani ya vifaa vya umeme, iliwafukuza wafanyakazi wapatao 3,400 kwa sababu walikuwa wakilipwa juu ya kiwango ilichokitaka, ili iajiri wa bei ndogo. Hao ndio waliokuwa wakijua bidhaa. Novemba 2008 iliomba ulinzi wa mufilisi, na 2009 maduka yake yalifungwa. Ulikuwa wakati wa mdororo, na kampuni ilikuwa na matatizo mengine, kwa hiyo si haki kulibebesha tukio moja mzigo wote. Jaribio lililofanywa kwa uangalifu zaidi linatoka kwa maduka ya nguo ya Gap: watafiti walichagua maduka 28 ya San Francisco na Chicago, na kuanzia mwisho wa 2015 baadhi yakapewa ratiba za zamu zilizotulia, watu wakijua saa zao mapema na zisizobadilikabadilika. Matokeo yaliyotolewa 2018 yalionyesha mauzo yamepanda kwa asilimia 7 katika maduka hayo. Aliyekuwa dukani ndiye aliyebadilishiwa mazingira, lebo za bei hazikuguswa.

Kwa mwenye duka anayefikiria kubadili bei, hatua za kwanza ni za kalamu na saa. Chukua faida ghafi ya wiki nne na uigawe kwa jumla ya saa za kazi zilizolipwa. Hapo utajua kila saa inalipiwa na nini. Hesabu wateja wanaofika kaunta kwa kila robo saa, si kwa siku, kwa kuwa wastani wa siku huficha kilele. Pima muda wa kuwahudumia wateja 100, na uandike kando kila aliyezidi dakika 4 na sababu yake. Orodha hiyo ya sababu ndiyo mali: bidhaa zisizo na msimbopau, bei zisizolingana, chenji, mashine ya kadi iliyokwama, mteja aliyerudisha kitu kwenye kaunta ya malipo kwa sababu hakuna kaunta nyingine. Ziondoe kwanza hizo, kisha ndipo ushushe bei, kwa kiwango kitakachoacha keshia wakiwa na kazi isiyozidi takriban asilimia 75 saa ya kilele. Anayeanza na punguzo akitarajia kurekebisha kaunta baadaye atakutana na wateja wapya siku ambayo foleni ni mbaya kuliko zote, na hao hawarudi.

Na asiangalie foleni tu. Saa zikipunguzwa, kitu cha kwanza kuharibika huwa rafu. Mhudumu anaitwa kaunta, katoni inabaki stoo, bidhaa ipo dukani lakini mteja haioni. Mfumo wa kompyuta unaonyesha ipo, kwa hiyo hauagizi nyingine. Mauzo yanashuka. Kwa kuwa maduka mengi hupanga bajeti ya saa za mwezi ujao kama asilimia ya mauzo ya mwezi uliopita, mauzo hayo yaliyoshuka yanasomwa kuwa ni uhitaji mdogo, saa zinakatwa tena, na katoni nyingi zaidi zinabaki stoo. Kila mwezi hesabu inaonekana sahihi. Mzunguko huo hukatika bajeti ya saa ikipangwa kwa idadi ya watu wanaoingia mlangoni na katoni zinazoshushwa kutoka kwenye lori, badala ya mauzo yaliyopita, na mhudumu mmoja wa rafu akiandikiwa saa ambazo hakuna anayeruhusiwa kumwita kaunta.